Habari ya Transfoma Yetu

Bwana Mhariri ameniomba niandike habari ya ule mtambo wa kukuza sauti uliotumika katika mahafali ya Kidato cha Nne mwezi wa Septemba 2025. Watu wengi walizisifu spika zake, na wengine walilisifu sanduku, kwa kuwa limepakwa rangi ya buluu vizuri. Hapana hata mmoja aliyeuliza habari ya kile kitu kizito kilichomo chini kabisa ya sanduku, nacho ndicho kilichotutoa jasho. Basi nitaeleza habari ya kitu hicho tu, yaani transfoma, maana ndiyo niijuayo zaidi, na ndiyo iliyonitia aibu mbele ya wenzangu.

Aliyehudhuria mahafali ya mwaka 2024 atakumbuka mambo yalivyokuwa. Wazazi walikuja kutoka Kishapu, Mwadui na Old Shinyanga, wengine wakiwa wameondoka kwao alfajiri. Mtambo wa kukodi ulisema kwa muda wa robo saa, kisha ukanyamaza kimya. Majina ya wahitimu yakasomwa kwa mdomo mtupu, na upepo wa Shinyanga nyote mnaujua. Bibi yangu alikuwa amekaa mbali, chini ya mwarobaini, akiniuliza kila mara, "Wamekwisha kumwita?" Kumbe dada yangu alikuwa amekwisha kuitwa, amepokea cheti chake na kurudi mahali pake. Bibi hakusikia kitu. Tangu siku ile husema kwamba yeye hakumwona mjukuu wake akihitimu, ijapokuwa alikuwapo.

Kwa ajili hiyo sisi wa chama cha Fizikia tulikata shauri, mwanzo wa mwaka 2025, kuunda amplifaya yetu wenyewe. Wanachama 46 walitoa shilingi 2,000 kila mmoja, jumla 92,000. Fedha hizo msizidharau. Mwenzangu mmoja wa bwenini alitoa fedha ya sabuni, akawa anaomba kipande kwa huyu na kipande kwa yule kwa muda wa majuma matatu. Transista, daiodi na vyuma vya kupozea tulivitoa katika amplifaya mbovu tulizopewa na wazazi. Kilichosalia kilikuwa transfoma ya kuulisha mtambo umeme, na mimi nikachaguliwa kuinunua, kwa sababu nilikuwa na maneno mengi juu ya umeme kuliko wengine.

Kwa wasomaji wa Kidato cha Kwanza nitasema kidogo. Transfoma ni koili mbili za waya zilizozungushwa juu ya chuma kimoja, wala hazigusani. Umeme wa ukutani, ambao huenda na kurudi mara 50 kila sekunde, ukipita katika koili ya kwanza huamsha usumaku katika chuma, na usumaku huo huamsha umeme mwingine katika koili ya pili. Michael Faraday alilionyesha jambo hili huko Uingereza mwaka 1831 kwa pete ya chuma na waya. Mwaka 1885 mainjinia watatu wa kiwanda cha Ganz cha Budapest, yaani Zipernowsky, Bláthy na Déri, wakatengeneza transfoma za chuma kilichofungwa pande zote, na tangu hapo umeme ukaweza kusafirishwa mbali. Zile kubwa zilizo pale Ibadakuli, ambazo sisi huziona tu kwa nje ya uzio, ni ndugu zake hii yetu.

Basi nilikwenda kununua. Sitataja duka wala mji. Niliona transfoma yenye karatasi nzuri ya kung'aa, imeandikwa wati 500, volti 35–0–35, bei 45,000. Nikafurahi mno, kwa kuwa tulihitaji wati chini ya hizo, na fedha ingebaki. Niliporudi shuleni niliiweka mezani mbele ya wanachama kama mtu aliyeua simba. Msichana mmoja wa Kidato cha Pili akaiinua kwa mkono mmoja, akaniuliza, "Kaka, wati 500 zote hizi, mbona nyepesi?" Nikamcheka. Nikamwambia kwamba wati hazipimwi kwa kilo kama maharage. Wenzangu nao wakacheka, naye akaketi.

Siku tuliyoijaribu, fyuzi ilikatika. Nikaweka nyingine, nayo ikakatika. Hapa sina budi kukiri jambo ambalo sikulisema wazi siku ile: nilitoa fyuzi, nikaweka kipande cha waya mnene. Muziki ukalia. Tulipofungua sauti kufika nusu, ukaanza kukwaruza, na kipimo kikaonyesha kwamba zile volti 35 zimeshuka mpaka 24. Mara tukasikia harufu kama ya nywele zilizoungua. Moshi ukatoka, kisha ulimi wa moto, na pazia la maabara likashika. Bwana Mwalimu wa Fizikia alikuja mbio na ndoo ya mchanga. Kovu la kidole changu cha shahada ni la siku hiyo, maana nilijaribu kuchomoa waya kwa mkono. Nashukuru kwamba halikuwa kubwa zaidi ya hilo, wala halikumpata mtu mwingine.

Bwana Mwalimu hakugomba sana, jambo lililonitisha zaidi. Ilipopoa aliikata transfoma ile kwa msumeno mbele yetu. Akakwangua waya kwa kisu. Juu palikuwa na rangi ya shaba, lakini chini ya rangi waya ulikuwa mweupe: alumini. Alumini hupinga umeme zaidi ya shaba kwa kadiri ya mara 1.6, kwa hiyo waya wa unene uleule hupata joto upesi. Kisha akaiweka juu ya mizani ya maabara: kilo 1 na gramu 300. Akasema kwamba chuma na shaba za uzito huo, kwa umeme wetu wa mizunguko 50, zaweza kubeba wati kama 80 kwa usalama. Zile 500 zilikuwa katika karatasi tu. Yule dada wa Kidato cha Pili alikuwapo. Hakusema neno, nami sikumtazama.

Mkutano wa chama ukaamua kwamba, kwa kuwa nilinunua bila ya kumwonyesha mwalimu kwanza, nilipe nusu ya hasara, yaani 22,500. Wengine walitaka chama kivunjwe, fedha iliyobaki igawanywe. Kura zilikuwa 24 kwa 22. Tukaendelea.

Safari hii tulianza mahali ilipotupasa kuanza, yaani ubaoni. Spika zetu mbili zina ukinzani wa omu 8 kila moja, nasi twataka wati 100 kwa kila moja. Zidisha 100 kwa 8 upate 800. Kipeuo cha pili cha 800 ni 28.3, nazo ndizo volti zinazohitajika penye spika. Lakini umeme wa sauti hupanda na kushuka kama wimbi, na kilele chake hukipita kipimo hicho mara 1.41, yaani hufika volti 40. Transista nazo hula volti chache, na kapasita hupungukiwa kidogo kati ya wimbi na wimbi. Kwa hiyo twahitaji kama volti 45 upande wa chanya na 45 upande wa hasi, mtambo ukiwa kazini. Transfoma ya 35–0–35 kilele chake ni volti 49 na nusu. Ukiondoa zinazoliwa na daiodi, na zinazopungua mzigo ukiwa mzito, unabaki na 45 au pungufu kidogo. Kumbe zile volti nilizinunua sawasawa. Kosa langu lilikuwa katika nguvu.

Amplifaya ya aina yetu, ile ya daraja la AB, haigeuzi umeme wote kuwa nguvu ya kusukuma spika. Hata kwa hesabu ya kitabuni haizidi sehemu 78 katika mia, na kwa kweli tuliiweka kwenye 60. Zilizobaki huwa joto. Basi wati 200 za spika zataka kama 330 kutoka katika transfoma. Ni kweli kwamba hotuba na muziki havitumii nguvu zote wakati wote. Kuna mafundi ambao wangechukua transfoma ya 300 na wasipate shida. Lakini mtu aliyekwisha kuunguza pazia huwa mwoga. Tukaandika 400.

Je, tungeipata wapi? Wapo waliosema tuagize Dar es Salaam ile ya mviringo kama andazi lenye tundu. Hizo ni nzuri, nyepesi kidogo, wala hazivumi. Ila bei yake, pamoja na usafirishaji, ilitushinda. Halafu zina hila yake: ukiifunga kwa bolti, na bolti hiyo ikagusa chuma cha sanduku juu na chini, umefanya mzunguko mmoja wa koili uliofungwa, na moto utarudi. Mwingine akaleta transfoma ya UPS mbovu ya kompyuta. Hiyo imeundwa ifanye kazi kwa dakika chache umeme ukikatika, si kwa saa nne za mahafali. Mwingine akasema tutoe ya oveni ya maikrowevu, maana ni nzito kweli. Bwana Mwalimu akakataa papo hapo, akamwambia asiifungue oveni hiyo hata nyumbani: mle mna volti 2,000 na zaidi, na kapasita yake huweza kuua hata baada ya kuchomolewa ukutani.

Ndipo nilipomkumbuka mjomba wangu wa Katoro.

Katoro ni mji wa mkoa wa Geita, na kila mtu huko anaishi na dhahabu kwa njia moja au nyingine, hata yule asiyeishika. Wachimbaji wadogo hutoa mawe katika maduara, na mawe husagwa katika makarasha yanayozungushwa kwa mota. Mota hizo huungua kila siku. Umeme ukipungua mota hujivutia ampea nyingi zaidi ili iendelee kusaga. Ikipoteza nyaya moja kati ya tatu, hali huwa mbaya zaidi. Mwenye karasha hawezi kungoja, kwa hiyo huichukua mota yake mbio kwa fundi wa kusuka. Mjomba ni fundi wa namna hiyo. Kwake kuna waya wa shaba wa kila unene, na shaba halisi, kwani mwenye karasha akidanganywa hurudi na watu wake.

Likizo ya Juni nikapanda basi. Tulipofika Kigongo tulingoja kivuko, kama watu walivyongoja kwa miaka mingi. Nilifika kwa mjomba usiku, nikamweleza habari yote, hata ile ya fyuzi. Alisikiliza, akatazama kidole changu, akasema, "Waya utapata. Fedha utaleta kidogo, na nyingine utaifanyia kazi. Kesho uamke mapema."

Juma la kwanza sikugusa transfoma. Nilikuwa nakata waya ulioungua katika mota na kusafisha matundu yake. Juma la pili mjomba akanipa chaja ya zamani ya betri za magari, imeungua, ila chuma chake kizima. Chuma cha transfoma si kipande kimoja. Ni mabati membamba yaliyokatwa kama herufi E na I, kila bati limepakwa ili lisipeleke umeme kwa jirani yake. Kingekuwa kipande kimoja, umeme ungezunguka ndani ya chuma chenyewe na kukichemsha bure. Kuyatoa mabati hayo bila kuyapinda kulinichukua siku mbili. Ulimi wa katikati ulikuwa na upana wa sentimita 5, na mabati yakipangwa yanafika kimo cha sentimita 5. Eneo, basi, ni 25.

Mjomba akasema, "Arobaini na tano, gawanya kwa eneo. Hiyo ndiyo mizunguko ya kila volti moja." Nikapata 1.8. Nikamwuliza, "Mjomba, hiyo 45 imetoka wapi?" Akajibu, "Kwa aliyenifundisha." "Na yeye?" "Na yeye alifundishwa. Zungusha waya."

Jibu hilo halikuniridhisha, na niliporudi shuleni nilimpelekea Bwana Mwalimu. Aliandika ubaoni kanuni tuliyoikuta baadaye kitabuni: volti za mzunguko mmoja ni 4.44, mara idadi ya mawimbi kwa sekunde, mara nguvu ya usumaku kwa tesla, mara eneo kwa mita za mraba. Weka mawimbi 50, tesla 1, na sentimita 1 ya mraba: utapata volti 0.0222. Sasa gawanya 1 kwa 0.0222. Jibu ni 45! Wanachama wote walipiga makofi, wala hawakuwa wakinipigia mimi. Mjomba aliishia darasa la saba, na ile namba aliyokuwa akiitumia pale Katoro ilikuwa sahihi, tena ya mtu mwangalifu, maana chuma kizuri chaweza kustahimili zaidi ya tesla 1, ila transfoma huvuma na kupata joto.

Turudi Katoro. Koili ya ukutani: volti 230 mara 1.8, mizunguko 414. Koili za pili: 35 mara 1.8 ni 63, tukaongeza 3 za kufidia volti zinazopungua mzigo ukiwapo, ikawa 66 kwa kila upande. Unene wa waya nao una hesabu yake. Wati 400 kwa volti 230 ni ampea 1.74, mjomba hutoa ampea 3 kwa kila milimita moja ya mraba ya shaba, basi waya wa kipenyo cha milimita 0.86 hutosha, tukachukua wa 0.9. Upande wa pili ampea ni 5.7, na waya mmoja wa kutosha ungekuwa mgumu kukunja. Tukalaza pamoja nyuzi mbili za milimita 1.1.

Nilizungusha kwa mkono, kwa kigurudumu cha mbao chenye mpini, nikihesabu kwa sauti. Nilipopita 300 aliingia mteja mwenye mota begani, akasalimu, nami nikaitikia. Nikasahau hesabu. Nikamwambia mjomba kwamba ni 312 au 315. Akaja akauchomoa waya wote, mpaka mwanzo. Nililia kidogo, naandika bila haya. Baadaye nilitambua kwamba mizunguko 3 katika 414 haifiki hata sehemu moja katika mia, wala isingedhuru kitu. Nadhani mjomba naye alijua. Kila tabaka tuliweka karatasi ya kuzuia umeme, na kati ya koili ya ukutani na zile za pili karatasi tatu, kwa sababu hapo ndipo penye uhai wa mtumiaji. Kisha tukaitumbukiza katika vanishi na kuianika karibu na jiko siku mbili.

Jaribio la kwanza tulilifanya kwa balbu ya wati 100, ile ya zamani yenye waya ndani, iliyofungwa mfululizo na transfoma. Kama pana kosa, balbu huwaka kwa nguvu na transfoma husalimika. Balbu iliwaka kidogo, ikafifia. Lakini tulipopima kutoka ncha hadi ncha za koili mbili za pili tulipata sifuri! Nilikuwa nimeunganisha mwisho na mwisho, badala ya mwisho wa moja na mwanzo wa nyingine, hata koili zikapingana. Tukageuza. Umeme wa ukutani ulikuwa 228, nasi tukapata 36.3 kila upande. Tukaenda dukani kuipima kwenye mizani ya maharage: kilo 7 na kidogo. Nilimkumbuka yule dada.

Siku ya kurudi, mwanzo wa Julai, Daraja la Kigongo–Busisi lilikuwa limekwisha kufunguliwa, tarehe 19 Juni 2025, na basi letu lilipita juu ya ziwa bila kusimama. Watu walishangilia, mimi nikiwa nimepakata mfuko wangu. Kondakta aliuinua kidogo, akautazama, akanitazama, kisha akaninong'oneza kama ningependa kumwuzia mawe yale. Mfuko mzito kutoka Katoro una maana moja tu huko.

Shuleni, mtu wa kwanza kuishika alikuwa yule dada wa Kidato cha Pili. Niliiweka mikononi mwake, nikamwomba radhi mbele ya wanachama. Akasema, "Hii sasa ni maharage kweli." Yeye ndiye aliyetuzuia kuweka kapasita za volti 50. Usiku, watu wakizima taa, umeme huweza kupanda hadi 250. Transfoma yetu hapo ingetoa kilele cha volti 56. Tukaweka za volti 63. Fyuzi ni ya kununua, na bati la sanduku limeunganishwa na waya wa ardhini.

Siku ya mahafali mtambo ulifanya kazi kwa saa nne na nusu. Mchana umeme ulishuka hadi 196, sauti ikapungua kidogo tu. Kipimajoto tulichokifunga juu ya transfoma kilifika nyuzi 48. Majina yote yalisomwa, na wapishi waliokuwa nyuma ya jiko walisema waliyasikia.

Bibi alikuja, ingawa safari hii hakuwa na mjukuu wa kuhitimu. Alikaa palepale chini ya mwarobaini. Ilipokwisha nilimwendea nikamwuliza kama alisikia. Akasema, "Hawa nimewasikia wote. Mmoja tu ndiye sikumsikia."

Hesabu ya fedha ni hii. Tulibaki na 47,000 baada ya ile iliyoungua. Waya 28,000, karatasi na vanishi 6,500, fyuzi na balbu 2,500. Zimebaki 10,000. Nimelipa 15,000 kutoka katika ujira nilioupata kwa mjomba, hivyo mweka hazina ana 25,000. Bado ninadaiwa 7,500, nitazilipa muhula ujao.